Usiweke Mguu Chini

Neno ambalo Hashimu Kitwana hakuwahi kulitamka tangu aote ndevu ni "sijui." Fundi gani wa mtaa wa Gerezani aseme hajui? Mteja akileta pikipiki inayokohoa, Hashimu anainama, anaisikiliza, anatikisa kichwa kwa huzuni, halafu anasema, "Plagi." Ikionekana si plagi, atakuambia alijua tangu mwanzo kwamba si plagi, alikuwa anakupima tu. Kwa hiyo siku Nirav, mtoto wa Pankaj muuza spea wa jirani, alipokuja kumwambia kuwa mpwa wake Badria amealikwa Uhispania kwenye mashindano ya pikipiki ambayo kwa Kiswahili ni kama majaribio, Hashimu hakuuliza ni majaribio gani. Alifuta mikono kwa tambara akasema, "Huo mchezo naujua. Ni wa kwetu."

Na kwa akili yake ulikuwa wa kwao kweli. Ukutani uani kwake kulikuwa na kipande cha boksi chenye kamba mbili, kimeandikwa kwa rangi nyekundu MAJARIBIO. Pikipiki ikishatengenezwa, boksi lile linafungwa nyuma, fundi anaingia nayo barabarani kuona kama breki zinashika, na trafiki akikusimamisha unamwonyesha boksi. Hashimu akaelewa papo hapo, jinsi yeye anavyoelewaga mambo. Mafundi wa Ulaya wamebishana nani anatengeneza vizuri zaidi, wakaona wakutane mlimani, kila fundi amlete mtu wake wa kumjaribia. Pikipiki ikivuka mawe, fundi kapata maksi. Ikigoma, fundi kaumbuka mbele ya dunia nzima.

Sasa huyo Badria. Ni mtoto wa dada yake, Sitara, muuza viatu vya mtumba pale Mchikichini. Sitara alipoachika alirudi nyumba ya marehemu baba yao, Badria ana miaka tisa, na nyumba yenyewe mlango wake ulifungukia ndani ya ua wa gereji. Ule ua haukuwa mahali pa mtoto. Chini ni oili chafu, spoki zilizokatika, misumari, vigae vya taa, na katikati limekaa rundo la injini zilizozama kwenye mafuriko ya bonde la Jangwani, zikaletwa kukaushwa, na wenyewe hawakurudi tena. Mtoto anazunguka na kandambili. Hashimu hakujaliwa mtoto, na katika maisha yake alikuwa anaogopa kitu kimoja tu, pepopunda. Akampandisha Badria kwenye pikipiki ndogo ya kuungaunga akamwambia, "Zunguka utakavyo, lakini usiweke mguu chini."

Basi hayo ndiyo mafunzo, usitafute mengine. Miaka kumi Badria alizunguka ule ua, na miaka kumi Hashimu, kichwa kikiwa ndani ya injini ya mtu, alikuwa anasema bila kutazama, "Mguu, Badria." Akipanda rundo la injini, mguu. Akishuka kwa tairi la nyuma, mguu. Akikosa njia anasimama hapohapo juu ya silinda ya mtu wa Jangwani, pikipiki haiendi mbele wala hairudi nyuma, mkono mmoja umeshika breki, mwingine unakula karanga. Siti iling'olewa siku nyingi maana hakukuwa na wa kuikalia. Nirav akamrekodi kwa simu akila zile karanga, video ikasafiri, klabu moja ya Uhispania ikaandika kuwa inamtaka aje, pikipiki watamwazima, na aje na msaidizi mmoja wa kumwelekeza njia. Hashimu pasi ya kusafiria hana, Nirav anayo. Akaenda Nirav.

Kabla hawajaondoka ikahitajika barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Haikuhitajika na Wahispania, ilihitajika na Hashimu, ambaye haamini kama mtu anaweza kutoka Gerezani bila barua yenye muhuri. Maneno aliyatunga mwenyewe, akamsomea karani naye akaandika: mtajwa hapo juu ni mkazi wa mtaa huu, ana tabia njema, na anakwenda nje ya nchi kufanyiwa majaribio.

Sitara aliisoma ile barua amesimama, akaimalizia amekaa.

"Kufanyiwa," alisema. "Kaka, wanajaribu dawa gani kwa mwanangu?"

Ikawa kazi kumtoa huko. Candida, mama lishe anayepika mbele ya geti, ndiye aliyemtuliza, akamweleza kuwa majaribio ni yale ya wachezaji mpira: unakwenda nje, wanakutazama wiki mbili, ukifuzu wanakusajili. Hapo Sitara akapumua, lakini vijana wa bodaboda waliokuwa wanakula wali kwa Candida wakaanza kugombana Badria asajiliwe timu gani, na mmoja akanuna kabisa, akasema akienda timu ile ya watani zake, hatabeba tena abiria wa mtaa huu. Kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa unajua majaribio ni nini. Kila mmoja na lake.

Siku ya dua, sahani za pilau zikiwa bado mkononi, Sitara akasimama. Si mwanamke wa maneno mengi, na akisema jambo halirudishi. Kule Mchikichini wateja hawamwombi apunguze bei mara mbili.

"Mimi nina mtoto mmoja," alisema. "Nimemwachia kaka yangu miaka kumi amrushe juu ya vyuma, nimenyamaza. Sasa anavuka bahari. Haya, aende. Ila niseme mbele yenu, msije mkaniambia sikusema. Akirudi na sifuri, hii pikipiki inauzwa, na yeye anakuja kukaa na mimi kwenye meza ya viatu. Mmenisikia?"

Tumesikia, walisema watu. Badria alisikia pia. Alikuwa anafunga kamba za buti alizochaguliwa na mama yake mwenyewe kwenye robota, ngumu, za ngozi, na hakuinua uso. Hashimu peke yake ndiye aliyecheka. Pikipiki ipite mikononi mwa mtoto aliyemfundisha yeye, halafu ipate sifuri? Itokee wapi hiyo?

Jumamosi ya mashindano watu walijaa kwa Candida tangu saa nane mchana. Nirav alituma video moja. Badria yuko juu ya jiwe lenye ukubwa wa kontena, kofia ngumu kichwani, na hatembei. Video ikaenda mpaka mwisho, hajatembea.

"Imezima," alisema yule kijana aliyenuna.

"Haijazima," alisema Hashimu, lakini jasho lilikuwa limeanza. Wakairudia mara sita. Mara zote sita Badria hakutembea. Bodaboda wanajua mashindano ya pikipiki ni kukimbia, mtoto wa mtu kaenda Ulaya kusimama juu ya jiwe, na walimwonea huruma kwa sauti kubwa. Hashimu akajitenga pembeni ya geti akamtumia Nirav sauti: aangalie plagi. Akatuma nyingine: kama si plagi, mafuta. Akatuma ya tatu, ya taratibu, kwamba Badria asife moyo, yeye mjomba wake yupo.

Karibu na adhana ya alasiri sauti ya Nirav ikarudi. Hashimu akaiweka wazi ili wote wasikie, maana alikuwa bado na matumaini, maskini. Nirav alikuwa analia. Nyuma yake watu wanapiga kelele, upepo unavuma, na katikati ya kwikwi akasema, "Mjomba, sifuri. Badria kamaliza na sifuri, mjomba. Kotekote sifuri." Kikafuata kilio, halafu ikakata. Wakampigia, simu haipatikani.

Wale wa bodaboda wakasukuma sahani kando. Candida akafunika sufuria. Sitara, aliyewahi kufunga meza ili asikie matokeo, akaondoka, akaingia uani, akapita kando ya rundo la injini, akakaa barazani kwake na kumtazama kaka yake anayekuja nyuma.

"Fungua hiyo pikipiki," alimwambia. "Itauzika vipandevipande."

Hashimu hakubisha. Hilo ndilo liliwaogopesha watu, maana Hashimu hubisha hata ukimwambia leo ni Jumamosi. Alichukua spana namba kumi na saba akakaa chini, kwenye oili yake, akaanza na tairi la mbele. Alikuwa hasikitikii mchezo. Ile sifuri ilikuwa yake. Watu wa Uhispania wamemtazama mtoto aliyemlea, wakaona kazi ya fundi gani ile, wakaandika yai. Miaka thelathini na nne ya gereji, yai. Aliona aibu, na zaidi ya aibu alimwona Badria amekaa nyuma ya meza ya viatu anawaambia wateja namba zilizopo, na machozi yakamtoka akasingizia petroli.

Watu wakaanza kuja kumpa pole. Ndivyo tulivyo, hatuwezi kuona mtu ameinama tukampita. Wakaja mafundi wa gereji ya pili, wakaja wauza matairi, wakaketi kwenye makreti. Candida akaleta chai na maandazi akasema asilipe mtu. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri basi la mwendokasi aliona umati, akaingia, akashika mkono wa Hashimu akauliza mazishi ni saa ngapi, akakaa naye akapewa chai.

Ni hapo alipoingia Pankaj. Kavaa shati jipya, kashika boksi mbili za mithai, vile vitamu vya sherehe, tabasamu limefika masikioni, na bila kusalimia akaanza kugawa. Laddu kwa huyu, barfi kwa yule. Akamfikia mzee wa mwendokasi, mzee akaikataa ile laddu kwa adabu, akaisukuma kando kama mtu anayekataa rushwa.

"Baba Nirav, kuna msiba hapa," Candida alimnong'oneza.

Pankaj akasimama. Akatazama nyuso, akatazama maandazi, akatazama tairi la mbele limelala chini. "Nani amekufa?"

"Badria amepata sifuri," alisema Candida.

"Najua. Nirav amenipigia kwa simu ya mwenzake. Kwani nimeleta hizi za nini?" Akaona bado wanamkodolea macho, akaweka boksi juu ya injini. "Fundi, huu mchezo hesabu yake ni ya makosa. Ukiweka mguu chini mara moja, moja. Mara mbili, mbili. Ukianguka, tano. Mwenye namba ndogo ndiye mshindi. Badria hakuweka mguu chini hata mara moja, siku nzima. Wasichana wote wa Ulaya wameweka. Yeye wa kwanza." Halafu akamgeukia Hashimu kwa mshangao wa kweli. "Si wewe ndiye uliyemfundisha? Mimi miaka yote nakusikia ukutani kwangu, mguu, mguu. Nilijua unajua."

Hashimu alikuwa na spana mkononi. Midomo ilifunguka, na wote waliokuwapo watakuapia kuwa lile neno asilowahi kulitamka lilifika kwenye meno. Kisha akalimeza.

"Nilikuwa nawapima," alisema.

Ua ukalipuka. Laddu zikaisha, mzee wa mwendokasi akala mbili, bodaboda wakapiga honi mpaka Gerezani ikadhani kuna harusi, na yule aliyenuna akatangaza kuwa alisema tangu mwanzo haijazima. Watu walikuwa wanakumbatiana juu ya tairi. Ni Candida aliyegundua kwamba barazani hakuna anayecheka.

"Mama Badria, mtoto ameshinda," alimwambia.

"Ana sifuri au hana?" aliuliza Sitara.

"Anayo, ndiyo ushindi wenyewe."

"Basi nilisema akirudi na sifuri. Sikusema akishindwa."

"Lakini ulimaanisha akishindwa."

"Nilichomaanisha ni changu. Nilichosema mmekisikia wote, na pilau mlikula."

Walijaribu kila njia. Pankaj alileta karatasi akachora jiwe. Mafundi walitoa hoja, bodaboda walitoa hoja, mzee wa mwendokasi, ambaye kwa sasa alikuwa mtu wa nyumbani, alitoa hoja nzuri kuliko wote. Sitara aliwasikiliza, akawashukuru, akawaambia neno lake ni lilelile. Walipotawanyika Hashimu alimfuata barazani akakaa kando yake.

"Unajua unakosea," alisema.

"Najua," alijibu Sitara. Sauti ilikuwa ndogo. "Angeshindwa, angerudi akakaa. Sasa kashinda, watamwita tena, na mwaka ujao tena, na siku moja hatarudi. Mimi naogopa, kaka. Neno langu ndilo lililobaki la kumshikia. Usiniombe niliachie."

Hashimu hakumwomba. Akarudi kwenye ile pikipiki akaanza kurudisha tairi, akifikiria. Fikiria na wewe: mtu ambaye hakuwahi kukiri kosa, leo anatafuta kosa la kumpa mtoto asiye nalo. Ilimchukua siku tatu na nati zote za ile pikipiki. Siku ya nne, Jumatano, alikuwa anacheka peke yake.

Badria na Nirav walifika mchana, teksi ikawashusha mbele ya geti. Badria akatangulia, begi mgongoni, zile buti miguuni, kombe limechungulia kwenye mfuko wa plastiki wa Rambo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Usiingie."

"Nisiingie?"

"Ukiingia utakuwa umerudi. Bado hujarudi." Hashimu alisimama katikati ya geti, mikono imetanda. Nyuma yake mtaa mzima ulikuwa umepangwa kando ya ukuta, na pikipiki imewashwa, nyuma imefungwa lile boksi la MAJARIBIO. "Mama yako alisema ukirudi na sifuri. Wewe huwezi kurudi na sifuri. Panda, toka hapa getini mpaka barazani kwake, na njiani uweke mguu chini. Mara moja inatosha. Ukimfikia utakuwa na moja, na neno la mama yako litakuwa halijavunjika."

Badria alimtazama mjomba wake. Akamtazama mama yake kule mwisho wa ua, amekaa wima, amefunga mikono. Akampa Nirav begi, akapanda pale getini hasa, mguu ukitoka kwenye kizingiti moja kwa moja hadi kwenye kikanyagio.

Akaenda. Akapita oili, akapita misumari, watu wakasubiri mguu. Mguu haukushuka. Akapanda rundo la injini, akashuka upande wa pili kwa tairi la nyuma kama kawaida yake, akakunja, akarudi.

"Weka mguu, Badria," alisema Pankaj.

"Nauweka," alijibu, na ilionekana kweli anauweka, paja linatetemeka, goti linataka, lakini kila ukikaribia chini unarudi wenyewe. Akazunguka mara ya pili. Akazunguka ya tatu. Bodaboda wakaanza kumpigia makofi ya taratibu. Hashimu alijua nini kinatakiwa. Ni sauti yake tu iliyouzuia mguu ule, na ni sauti yake tu ambayo ingeushusha. Alifungua kinywa kusema weka, na kilichotoka, kwa sauti ileile ya miaka kumi, kilikuwa, "Mguu, Badria."

Mguu ukapaa.

Mwisho Badria alifika mbele ya baraza akasimama. Alisimama vile anavyojua yeye, tairi mbili, haendi mbele wala harudi nyuma. Hakuwa anakula karanga safari hii. Alikuwa analia.

"Siwezi, mama," alisema.

Sitara alishuka barazani. Alifika kando ya pikipiki, akainama, na kwa mazoea ya kazi macho yakaenda kwenye soli. Yeye huishi kwa soli. Akikuonyesha kiatu kilichochakaa kisigino atakuambia mwenyewe alikuwa mtu wa haraka, akiona kimelika mbele atakuambia huyu alipanda vilima. Buti hii aliitoa yeye kwenye robota ikiwa nzima. Kisigino bado kilikuwa na meno yake, mbele kadhalika, lakini katikati, panapokaa kikanyagio, pale pasipogusa ardhi kwa mtu yeyote aliyezaliwa na mwanamke, palikuwa pamelika mpaka pameng'aa. Alipapasa mahali pale kwa kidole gumba, polepole, mara mbili.

Halafu akaushika mguu wa mwanawe kwa mikono miwili, kwenye kifundo, akauvuta chini mpaka ukagusa ardhi, akaushikilia pale.

"Moja," alisema Sitara.

Hakuna aliyeshangilia. Badria alikuwa ameinamia bega la mama yake, pikipiki imewaegemea wote wawili, na kofia ya plastiki ya plagi ambayo Hashimu hakuibana vizuri ikaanguka. Hashimu alikuwa ameshafika pale, amepiga magoti kwenye oili, anapapasa ardhi kuzunguka ile buti kuona kama kuna msumari.